Saa ya Kimya ya Mariette

Wenzangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, nanyi ambao hamjawahi kufika kwetu, nawaombeni masikio kidogo. Nina habari ya nyumba mbili zilizotenganishwa na ua wa minyaa, na sitaipamba, maana wenyewe wapo na wataisoma.

Zamani asubuhi za kijiji chetu zilianza kwa sauti. Nikisema zamani sina maana ya enzi za mababu. Nasema miaka kumi na miwili iliyopita, tulipokuwa bado tunafyeka vichaka na kukandika nyumba zetu za kwanza kwa udongo. Kabla jua halijatoka, mtu alifungua mlango, akajifunga kikwembe vizuri, akasogea kwenye ua na kumwita jirani. Jirani aliitika, kisha naye akageukia ua wa pili na kuita. Salamu ilikwenda hivyo nyumba hata nyumba mpaka kwenye barabara ya Base Camp, na ukiwa bado kitandani uliisikia ikipita na kufifia. Naikumbuka sana salamu ile. Siku hizi tuna simu, tuna redio, na wengine tuna milango ya chuma, na ile salamu imepungua sana.

Kwenye ua ule wa minyaa, aliyekuwa akiita kwanza ni Capitoline. Huyu ni mama wa Kirundi, Mkatoliki wa rozari mkononi, mjane aliyekwisha kupita miaka sabini. Mwanawe wa pekee alipelekwa kuishi ng'ambo na yeye akabaki peke yake na kuku wanne na ugonjwa wa presha. Aliyemwitikia ni Mariette, mama wa Chantal, Mkongomani wa milima ya Fizi, muuza bikwembe, yaani vitenge, pale sokoni Base Camp.

"Mama Chantal, kumekucha?"

"Kumekucha, mama. Tuko."

"Mungu ashukuriwe."

Basi, ni hayo tu. Lakini msiyadharau. Mariette aliyajua maneno hayo tangu utotoni, ingawa kwa lugha nyingine. Kule kwao mama yake alikuwa akitoka nje alfajiri, maji ya moto kwenye kikombe cha bati, mikono inang'aa mafuta ya mawese aliyojipaka, na kabla hajanywa funda la kwanza aliwaita majirani wa pande zote mbili. Asiyeitika alifuatwa. Ndivyo walivyomwokoa babu mmoja aliyeungua moto, na ndivyo walivyomkuta bibi mwingine amekwisha kufa lakini hajapoa. Mariette alipofika Nakivale na mume wake Gad na binti yao Chantal, wa miaka minane, usiku wa kwanza walilala chini ya turubai na hakujua jirani ni nani. Alfajiri akasikia sauti ya mwanamke mzee ikiuliza kama wageni wameamka salama. Alilia palepale, kwa kuwa alidhani mambo hayo yalibaki nyuma.

Miaka kumi na moja waliitana hivyo. Capitoline alipougua malaria, Mariette alijua kabla ya mtu mwingine, kwa sababu sauti ilichelewa. Gad alipokuwa akisema kwamba mjane yule hana mtu, Mariette alimkatiza na kumwambia anaye.

Tatizo lilianza Chantal alipoolewa na kuhamia Kampala. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Mariette akawa halali. Tumbo linawaka moto, kichwa kinagonga, mchana anasinzia juu ya bikwembe vyake hadi wateja wanamcheka. Zahanati walimpima wakasema hawaoni ugonjwa, apunguze mawazo. Niambieni, ndugu zangu, mawazo hupunguzwa kwa kijiko gani? Alirudi nyumbani na vidonge vya tumbo na hasira yake.

Kila baada ya wiki mbili alikuwa akienda mjini Mbarara kununua mali kwenye duka la vitambaa la Bi Hansa. Huyo alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Uganda, mzee mwembamba, ngozi laini, hana haraka. Alikaa kwenye stuli nyuma ya mabunda ya nguo, na pembeni yake ilikuwapo chupa ya maji ya moto. Siku moja alimtazama Mariette usoni, akaacha kupima kitambaa.

"Wewe hapana lala," akasema.

Mariette akamweleza yote. Bi Hansa akamketisha, akammiminia maji ya moto, na akaanza kumfundisha Ayurveda, elimu ya kuishi ambayo nyanya yake alitoka nayo India. Alimwambia kwamba kila mwili una upepo wake, moto wake, na maji na udongo wake, ila vipimo havilingani. Mwenye upepo mwingi halali na mawazo yake hayatulii. Mwenye moto mwingi huunguzwa na tumbo. Mwenye udongo mwingi huwa mzito asubuhi. Kwa hiyo siku nzima hupangwa ili kile kilichozidi kipungue.

"Wewe iko na upepo na moto," Bi Hansa alisema. "Amka mbele ya jua. Safisha ulimi. Kunywa maji ya moto. Paka mafuta ya ufuta, mikono, miguu, polepole. Kaa kimya kidogo. Chakula kubwa kula saa sita, jua iko juu. Jioni kula kidogo, lala mapema. Lakini sikia, mwili yako si mwili yangu. Anza na moja. Ukizoea, ongeza ingine."

Mariette aliposikia habari ya maji ya moto na mafuta, alimwona mama yake mbele ya macho, amesimama kwenye umande na kikombe cha bati. Akahisi kwamba anarudishiwa kitu kilichopotea, na alitoka dukani na chupa ya mafuta ya ufuta ameikumbatia.

Sasa hapa ndipo watu wa kwetu tunapojijua. Sisi wa makanisa ya Kivu, kule Kongo, hatuwezi kuanza jambo jema bila kulifanya mfungo. Mtu akitaka mtoto, anafunga. Akitaka safari, anafunga. Na mfungo wetu mkubwa ni wa siku arobaini, na ukiukata siku ya thelathini, unarudi kuanza na ya kwanza. Bi Hansa hakutaja arobaini. Arobaini Mariette aliitoa mwenyewe kichwani mwake akiwa njiani, kabla hata gari halijapita kituo cha Masha. Tena hakuanza na moja kama alivyoambiwa. Alizichukua zote siku hiyohiyo, na ile ya kukaa kimya kidogo akaifanya sheria: tangu anapofungua macho mpaka jua linapokuwa juu ya paa, neno lisitoke kinywani mwake, kwa mtu yeyote.

Jioni alikwenda kumwambia Capitoline.

"Mama, kuanzia kesho asubuhi sitaitika. Si hasira. Niko nafunga, ni dawa ya usingizi. Siku arobaini tu."

Capitoline alikuwa anachambua maharage. Alitupa punje moja mbovu, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Kama ni dawa, ni dawa."

Asubuhi ya kwanza mzee aliita kwa mazoea. Mariette, amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akafumba macho asijibu. Asubuhi ya pili aliita tena, akajikumbuka, akacheka peke yake. Ya tatu ilikuja sauti ya chini tu, ya mtu anayejisemea. Kufikia siku ya saba Capitoline aliacha kabisa, na walipokutana kisimani alimweleza Mariette kwamba ananyamaza ili asimjaribu mtu aliyefunga. Alisema kwa upole, bila kinyongo. Mariette alimshukuru.

Gad hakushukuru. Yeye ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliweka spana chini.

"Mariette, ule mama iko peke yake. Juu ya nini unamunyima jambo ya asubuhi?"

"Simunyimi. Nitamupa mchana."

"Jambo ya mchana ni ya wateja. Ya asubuhi ndiyo ya mutu."

"Weye unalala, haujue kintu miye nilikuwa napata usiku," Mariette alimjibu, naye Gad akaokota spana yake.

Nisimwonee. Dawa ilimfaa. Wiki ya pili alianza kulala mpaka jogoo wa kwanza. Moto wa tumbo ulipungua alipoanza kula chakula kikubwa mchana. Uso ulijaa, na pale sokoni wenzake walimuuliza anajipaka nini. Alfajiri, huku akikanda miguu yake kwa mafuta yaliyopashwa, alikuwa anarudi Fizi waziwazi: aliona moshi wa kila nyumba, akasikia kinu cha mama yake mdogo, akanusa ndizi mbivu zilizofunikwa majani. Alizipenda saa hizo kuliko saa nyingine zote. Na jambo la ajabu, katika kumbukumbu zake zote mama yake alinyanyua kikombe na kunywa, lakini hakuita mtu. Mariette alikuwa amekikata kipande hicho bila kujua.

Siku ya thelathini na sita ilikuwa Jumanne ya kiangazi, mwezi wa saba, baridi ya asubuhi imekaza. Gad alikuwa amekwenda Rugaaga tangu jana kununua magurudumu makuukuu. Mariette alikuwa mkekani, mkono wa kushoto umekwisha pakwa mafuta na wa kulia bado, aliposikia kitu cha bati kikianguka upande wa pili wa minyaa. Kikafuata kimya. Kisha sauti.

"Mama Chantal."

Ilikuwa ya chini, na haikuwa na swali ndani yake.

Mariette alifumbua macho. Nawaambia kama yeye alivyotuambia, hakuficha. Aliisikia. Aliijua ni ya nani. Alijiuliza mbona leo, na jibu lililomjia ni kwamba mzee amejisahau. Akahesabu: zimebaki siku nne. Akiitika, thelathini na sita zote zimekwenda, anaanza upya. Alingoja kuona kama ataitwa mara ya pili, akajiambia kwamba akiitwa mara ya pili ataitika. Hakuitwa mara ya pili. Akachukua mafuta, akapaka mkono wa kulia.

Jua lilipopanda alioga, akafunga mzigo wake wa bikwembe kichwani na kushika njia ya sokoni. Alipopita mlango wa Capitoline aliona umefunguliwa nusu na hakuna moshi. Kuku wanne walikuwa wamesimama mlangoni wanangoja kulishwa. Aliyaona yote hayo. Akasema moyoni kwamba atapita mchana, kwa kuwa soko la Jumanne hujaa mapema.

Jamani, kama angekuwa ameamkiwa na Capitoline kila siku kama zamani, kimya kile kingempigia kelele. Lakini kwa mwezi mzima kimya kilikuwa ni cha kawaida, walikubaliana wenyewe, na kwa hiyo hakikumwambia kitu. Hata majirani wa upande wa pili wa Mariette hawakushtuka, maana salamu iliyokuwa inatoka kwa Mariette kuja kwao nayo ilikuwa imekatika.

Saa sita alirudi kupika chakula chake kikubwa. Alipika maharage na bugali, na kitu kikamsumbua, akapakua sahani ya kwanza akavuka nayo kwa jirani. Alimkuta Capitoline ameanguka kando ya mafiga, shavu kwenye majivu baridi, sufuria imebinuka na maji yameshakauka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia ulilala bila uhai. Lakini macho yalikuwa wazi, na yalimtambua.

Hapo Mariette alipiga kelele, na mfungo ukaishia hapo. Watu walikuja. Walimbeba mgonjwa kwa blanketi mpaka zahanati, na kutoka hapo gari la wagonjwa likampeleka hospitali Mbarara, Mariette ameketi sakafuni ameshika mguu wa mzee.

Muuguzi wa Kinyankole aliyewapokea aliuliza kwa haraka huku akiandika.

"Nyabo, mama, hii ugonjwa ilishika yeye saa ngapi?"

"Sijui," Mariette akasema. "Nilimukuta saa sita."

"Asubuhi hapana mtu alimuona?"

"Hapana."

"Hapana mtu alisikia yeye?"

"Hapana."

Ni kiharusi, walisema. Presha ilipanda, damu ikaleta shida kichwani. Daktari alieleza kwamba saa za mwanzo ndizo zenye nafasi kubwa, na kwamba wangeletewa mapema wangefanya zaidi. Hakumlaumu mtu. Alikuwa na wagonjwa wengi, akaenda kitanda kinachofuata.

Capitoline aliishi. Lakini upande wa kulia ulikufa ganzi, na sauti ikapotea. Siyo kwamba ilipungua. Ilipotea kabisa, alipojaribu kusema kilitoka kitu kama pumzi, na baada ya siku chache akaacha kujaribu. Kwa kuwa hakuwa na ndugu hapa, Mariette ndiye aliyebaki kumuuguza, analala kwenye mkeka chini ya kitanda pamoja na wauguzaji wengine. Watu waliopita walimsifu. Kila sifa ilimchoma.

Siku ya tano alitembea mpaka dukani kwa Bi Hansa. Alimsimulia habari yote, ila ile sehemu ya kuisikia sauti aliiacha.

"Nani alikwambia usiongee na jirani?" Bi Hansa akauliza.

"Weye, mama. Ulisema kimya."

"Mimi nilisema kimya kidogo. Dakika kumi. Bwana yangu alipokuwa hai, mimi napeleka chai kwake kwanza, nauliza amelala namna gani, halafu mimi nakaa kimya. Na hii arobaini imetoka wapi?"

"Kwetu. Kanisani."

Bi Hansa alivuta bunda la kitambaa, akalifungua kidogo mezani. "Mariette, mimi nauza kitambaa. Fundi ndiye napima mwili. Wewe ulichukua bunda nzima ukajifunga nayo, bila kupima, bila kukata. Ratiba ya mimi ni ya mwanamke mzee, nyumba yake iko na ukuta, jirani yake mimi hapana jua hata jina. Wewe unakaa na watu. Hiyo pia ni mwili yako."

Alimpa chupa mpya ya mafuta ya ufuta na kumwonya asimpake mgonjwa kabla ya kuuliza hospitali. Mariette aliuliza. Muuguzi alisema kukanda hakuna ubaya, mradi dawa zifuatwe kwa saa zake na mazoezi ya mkono yafanyike kama alivyoonyeshwa.

Ndipo Mariette alipotengeneza ratiba kwa kweli, na haikuwa ya kwake. Alfajiri aliinuka na kumwamkia Capitoline kwa jina. Alimfuta ulimi kwa kitambaa safi. Alimpa maji ya uvuguvugu kwa kijiko, kidogokidogo, akingoja ameze. Kisha alimpaka mafuta mkono uliokufa kuanzia begani hadi kwenye kila kidole, akaukunja na kuunyoosha kama alivyofundishwa, huku anamsimulia habari za kijijini. Jua likishika ukumbi wa nje, alimtoa akaote. Chakula cha maana alimpa mchana, akiwa na nguvu za kumeza. Jioni uji mwepesi, vidonge, na kulala mapema. Mzee alipokuwa amesinzia baada ya kukandwa, Mariette alikaa dakika zake kumi, mikono inanukia ufuta, hasemi kitu. Alilala vizuri kwenye sakafu ile kuliko alivyokuwa amelala kwa miaka. Lilimuudhi jambo hilo.

Wiki ya tatu, akiwa katikati ya kukanda, alishindwa kuendelea kusimulia habari za watu.

"Mama," akasema, "ile siku uliniita. Nilisikia."

Capitoline alimtazama.

"Nilisikia na nikakaa. Sikutaka kukata mufungo."

Mkono mzima wa Capitoline, ule wa kushoto, ulikuja polepole ukauondoa ule mbovu mikononi mwa Mariette. Aliuweka tumboni kwake. Kisha akageuza uso ukutani. Siku hiyo na siku iliyofuata hakukubali kulishwa na Mariette. Alikula kwa mkono wa mwanamke aliyekuwa anamuuguza mama yake kitanda cha jirani. Mariette alifua mashuka, akamwaga beseni, akakaa mlangoni. Siku ya tatu asubuhi, alipoamka mkekani na kutoa salamu yake, hakutazamwa, lakini mkono ulikuwa umeachwa nje ya shuka. Akapasha mafuta.

Waliporudi Nakivale baada ya wiki tano, kijiji kiliwapokea. Mnajua tunavyopokea mgonjwa: watu walileta ndizi, maharage, sabuni, viti vya kuazima. Mzee Natanaeli, mwenyekiti wa kijiji, alisimama akasema kwamba Mariette ameonyesha Mkongomani na Mrundi ni ndugu, na kwamba wanawake wote wamwige. Wakapiga makofi. Capitoline alikuwa kwenye kiti chake, mto mgongoni, anatazama chini.

Mariette aliinuka. Gad, ambaye alikwisha kuambiwa kila kitu, alimshika kidogo kiwiko kisha akamwachia.

"Musinisifu," Mariette akasema. "Huyu mama aliniita asubuhi, akiwa anaanguka. Nilisikia. Nilikuwa napaka mafuta, nilikuwa nahesabu siku zangu. Nikamuacha kwenye majivu mpaka saa sita. Na ni miye niliyemwambia sitaitika, ndipo akaacha kuniamkia. Batu mingi hapa munauliza juu ya nini salamu ya asubuhi ilikatika. Ilikatikia kwangu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amemletea Mariette mkungu wa ndizi alionekana anaufikiria upya. Natanaeli alikohoa, akaomba mtu afunge kwa sala, na watu wakaondoka mapema kuliko ilivyo desturi. Wapo walioacha kununua bikwembe kwake, na mmoja wao ni mimi, kwa mwezi mzima, mpaka nilipokumbuka kwamba mimi nami nakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Capitoline na sikuwa nimeuliza kitu.

Alfajiri iliyofuata Mariette alitoka nje. Alisogea kwenye minyaa na kuita kwa sauti, mpaka sisi wengine tukaisikia vitandani.

"Mama Capitoline, kumekucha?"

Hakukuwa na jibu, na hakulitarajia. Alibeba chupa ya maji ya moto na mafuta, akazunguka ua, akasukuma mlango. Capitoline alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda gizani. Alikuwa ameamka kitambo, na kwa mkono mmoja, bila msaada wa mtu, alikwisha kuvua mkono wa gauni upande wa kulia, akauweka ule mkono wake mbovu juu ya paja, tayari.

FUNZO

Ndugu zangu, msiende kusema kwamba maji ya moto na mafuta ya ufuta ndiyo yaliyomharibu Capitoline, wala kwamba elimu ya Kihindi ni mbaya. Vilimponya Mariette, na sasa vinamsaidia Capitoline. Kujipangia siku yako ni jambo jema: uamke mapema, usafishe kinywa chako, ule wakati tumbo lina nguvu, ulale kabla hujachoka kupita kiasi, na dawa ulizopewa na daktari usiziache. Lakini jipime kwanza. Chukua jambo moja, ulizoee, ndipo uongeze la pili. Usiinakili siku ya mtu mwingine mzimamzima, na usiigeuze afya yako kuwa nadhiri inayokukataza kuwa mtu.

Na unapopima mwili wako, pima pia nani anakaa upande wa pili wa ua. Tulipokuja hapa hatukuja na mashamba wala ng'ombe. Tulikuja na kuamkiana, na desturi hiyo tunaiacha kidogokidogo, kila mmoja kwa sababu yake nzuri. Ukitaka dakika kumi za kimya, zichukue, ni haki yako. Ila kwanza mwite jirani yako, usikie akiitika. Asipoitika, vaa viatu uende.